Stanley, mwandishi wa gazeti aliyekuja kuuliza Ruzizi unaelekea wapi

Mtoto yeyote wa Lubarika anajua maji ya Ruzizi yanaelekea wapi. Yanatoka Ziwa Kivu kule Bukavu, yanashuka kwa nguvu katikati ya milima, yanapita uwanda wa mpunga, mihogo na mahindi, halafu yanaingia Tanganyika kati ya Uvira na Bujumbura. Mkulima anayefungulia shamba lake maji, mchungaji anayenywesha ng'ombe, mama anayevuka kwenda soko la ng'ambo, wote wanalijua jambo hilo bila kusoma kitabu.

Lakini kuanzia mwaka 1858 mpaka mwaka 1871, yaani miaka 13, swali la kama Ruzizi unaingia ziwani au unatoka ziwani lilibaki bila kumalizwa huko London. Jibu la kweli lilikuwa limekwisha kutolewa Uvira, na wana wa mtawala wa pale. Liliandikwa, likachapishwa katika kitabu, kisha likawekwa kando. Lilikuja kukubaliwa siku mwandishi wa gazeti la New York alipofika kwa mtumbwi kwenye mdomo wa mto, akaona kwa macho yake, akaandika.

Mwandishi huyo ni Henry Morton Stanley. Wakongomani wanamjua zaidi kwa jina la Bula Matari, mvunja mawe, mtu aliyemfungulia mfalme Leopold II mlango wa nchi yetu. Upande mwingine wa maisha yake hautajwi sana. Kabla ya kuwa mtu wa mfalme alikuwa mtu wa gazeti, na kwa njia ya gazeti aliwafundisha watu wa Ulaya na Marekani namna ya kututazama.

Mtoto wa nyumba ya maskini

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kwanza 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, huko Wales, akaandikwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, na baba yake hakumlea. Alipofika umri wa miaka sita alipelekwa St Asaph, katika nyumba ambamo maskini na yatima waliwekwa wafanye kazi na kupewa chakula kidogo. Alikaa humo karibu miaka tisa.

Mwaka 1859 alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa meli. Huko akachukua jina la mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Henry Hope Stanley. Baadaye alisimulia kwamba mfanyabiashara huyo alimfanya mwanawe. Wanahistoria waliochunguza habari za familia hiyo hawakupata uthibitisho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani, alipigana upande wa Kusini, akatekwa katika mapigano ya Shiloh mwaka 1862, kisha akavaa sare ya upande wa Kaskazini.

Kwa hiyo kabla hajaandika neno moja juu ya Afrika, kijana huyu alikuwa amekwisha kujifunza kwamba hadithi ikisimuliwa vizuri inaweza kumpa mtu jina jipya, baba mpya na maisha mapya.

Waya wa Suez

Aliingia kazi ya habari akiandika juu ya vita vya serikali ya Marekani na wenyeji wa asili wa nchi ile. Mwaka 1868 gazeti la New York Herald lilimpeleka Ethiopia, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa likipigana na mfalme Tewodros. Hapo ndipo alipoonyesha kwamba alielewa mashine za wakati wake kuliko wenzake.

Siku zile habari ilisafiri kwa miguu, kwa farasi na kwa meli mpaka ifike mahali penye waya wa telegrafu. Kutoka hapo iliruka bahari kwa muda mfupi. Waandishi wote wangepitisha habari zao Suez, kwenye waya mmoja. Stanley, alipopita Suez akienda vitani, alipatana kwa siri na mkuu wa telegrafu wa pale na kumpa pesa, ili barua yake ikifika ipelekwe kabla ya nyingine zote. Ngome ya Magdala ilipoanguka, habari yake ilitangulia. Mara tu baada ya hapo waya wa baharini ukakatika, na kwa siku kadhaa Uingereza ilikuwa inategemea gazeti la Marekani kujua ushindi wa jeshi lake lenyewe.

Somo alilolipata Suez alilibeba maisha yake yote. Anayefika wa kwanza kwenye waya ndiye anayewaambia wengine kilichotokea. Watakaofika baadaye, hata wakiwa na ukweli mkubwa zaidi, watakuwa wanasahihisha hadithi ambayo tayari imeaminiwa.

Jibu la Uvira

Sasa turudi nyuma miaka kumi, kwenye ziwa letu. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walisikia kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa. Kama ungekuwa unatoka ziwani kwenda kaskazini, huenda ungekuwa Nile yenyewe. Speke alivuka ziwa, akazungumza na mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Hamed, akarudi akiamini kwamba mto unatoka.

Tuangalie maneno yalivyosafiri. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alisema Kihindi kibovu na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani mpaka India na baadaye akapata uhuru. Bombay naye alizungumza na wengine kwa Kiswahili. Baadaye Bombay alimweleza Burton kwamba Speke alielewa vibaya. Hamed alikuwa anasema juu ya mto unaoingia. Tofauti ya kuingia na kutoka ilipotea njiani, kati ya mdomo mmoja na mwingine.

Tarehe 26 mwezi wa nne 1858 mitumbwi ya Burton na Speke ilifika Uvira. Wana watatu wa mtawala, ambaye Burton aliandika jina lake Maruta, walikuja kuwatazama wageni. Walisema wamefika Ruzizi wenyewe. Walisema unaingia Tanganyika. Watu wote waliosimama pale walikubali hivyo hivyo. Burton aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wapiga makasia hawakukubali kuendelea mbele kwa kuogopa maadui wa kaskazini, kwa hiyo wageni waligeuka bila kuuona mto.

Kutouona kulizaa matatizo. Burton na Speke waligombana juu ya chanzo cha Nile, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwaka 1864, na mwaka huo huo Burton akageuka. Alianza kutetea kwamba Ruzizi lazima unatoka ziwani, kwa sababu hapo nadharia yake ingemshinda Speke. Ushahidi wa Uvira ulikuwa umeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, lakini sasa haukumfaa. Maneno ya watu wanaoishi kando ya mto yaligeuka kuwa uvumi tu, unaochukuliwa ukipendeza na kuachwa usipopendeza.

Safari ya Ujiji

Mwaka 1869 mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett mdogo, alimwita Stanley Paris, akampa kazi ya kumtafuta David Livingstone. Mmisionari huyo alikuwa ndani ya Afrika tangu 1866, akitafuta mwisho wa bishano la Nile, na barua zake zilikuwa zimekoma kufika kwa wakati. Bennett hakuwa na haja ya jiografia. Alitaka habari ambayo hakuna gazeti jingine lingekuwa nayo.

Stanley alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1871. Alitoka Bagamoyo na wapagazi wengi, vitambaa, shanga na waya za shaba. Miongoni mwa viongozi wa msafara alikuwa Bombay, yule yule mkalimani wa Burton na Speke. Stanley alikuwa mkali. Aliwachapa watu wake fimbo, na hakuficha, aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake. Kwa hesabu yake alifika Ujiji tarehe 10 mwezi wa 11 1871, akamkuta Livingstone mgonjwa, bila mali.

Kila mtu anasimulia salamu Stanley aliyodai kuitoa siku ile. Livingstone hakuiandika katika daftari lake. Katika daftari la Stanley, kurasa za siku ile zimeng'olewa. Salamu iliyozunguka dunia nzima kwa magazeti, na inayorudiwa mpaka leo kwa mzaha, haina ushahidi mwingine ila maneno ya mwandishi aliyekuwa anauza habari.

Siku chache baadaye, wazungu hao wawili na watu wao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini. Walipita pwani ya Burundi, ambako leo kuna jiwe la Mugere lenye majina yao na tarehe 25 ya mwezi ule. Wapo wanaodhani jiwe hilo ndilo mahali walipokutana mara ya kwanza, kumbe walikutana Ujiji. Walifika kwa mtawala mmoja karibu na mdomo wa mto, ambaye Stanley anamwita Ruhinga. Mtu huyo aliwaeleza mito inayomwaga maji Ruzizi, mmoja mmoja kwa jina, na kwamba juu kabisa kuna ziwa linaloitwa Kivo. Mzungu wa kwanza kuliona ziwa hilo, Mjerumani von Götzen, alilifikia mwaka 1894. Ruhinga alikuwa amekwisha kulitaja miaka 23 mbele.

Waliingia mdomoni mwa Ruzizi, wakaona mkondo unakuja kwao. Mto unaingia ziwani. Walirudi kwa upande wa magharibi, wakapita Uvira, kwa watu ambao wageni wa kwanza walikuwa wamewauliza swali hilo hilo mwaka 1858. Hawakufika Lubarika. Uwanda wa juu ya mdomo wa mto waliusikia tu kwa masimulizi ya Ruhinga.

Jibu likawa lile lile la Uvira. Tofauti ilikuwa moja tu: sasa limesemwa na watu ambao London ilikuwa imejiandaa kuwasikiliza.

Picha ya London

Habari ya Ujiji ilichukua miezi minane kuufikia ulimwengu. Zanzibar haikuwa na waya wa telegrafu mpaka mwaka 1879, kwa hiyo barua zilisafiri kwa wakimbiaji, kisha kwa meli, kisha kwa waya. Mwezi wa saba 1872 ikalipuka katika magazeti. Wengine London hawakumwamini, wakasema barua za Livingstone ni za kughushi. Familia ya Livingstone ilipoutambua mwandiko, mashaka yakapungua. Malkia Victoria akampa Stanley zawadi. Mwezi wa 11 kitabu chake kikatoka, chenye picha zilizochongwa huko London na mafundi ambao hawakuwahi kuiona Afrika. Walichonga kwa kufuata michoro na masimulizi yake, na palipokosekana kitu walitia cha kwao.

Kulikuwa na picha nyingine pia. Stanley alikuwa amerudi na kijana aliyeitwa Kalulu, aliyepewa kama mtumwa katika safari. Walipiga picha pamoja katika studio London, Stanley amevaa nguo za safari na bunduki, Kalulu kando yake amebeba bunduki nyingine, nyuma yao mandhari ya kutengenezwa. Picha hizo ziliuzwa. Mnunuzi wa London aliamini ameiona Afrika, kumbe ameona chumba cha mji wake mwenyewe. Kalulu alipelekwa shule ya Kiingereza, kisha akarudishwa safarini. Mwezi wa tatu 1877 mtumbwi wake ulichukuliwa na maporomoko ya mto Kongo, akazama. Hatuna hata ukurasa mmoja ambao Kalulu mwenyewe alieleza aliyoyaona.

Bara la giza

Safari ya pili, kuanzia 1874, ililipwa na magazeti mawili, New York Herald na Daily Telegraph la London. Stanley alizunguka Ziwa Victoria, kisha mwaka 1876 akalizunguka Tanganyika kwa mashua yake Lady Alice, akaenda Nyangwe kule Maniema. Hapo Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alimsindikiza sehemu ya njia kwa malipo. Stanley akaufuata Lualaba mpaka baharini, akatokea Boma tarehe 9 mwezi wa nane 1877, baada ya karibu siku 1,000. Wazungu watatu aliotoka nao walikuwa wamekufa wote. Waafrika waliokufa ni wengi kuliko hao mara nyingi, na majina ya wengi wao hayajulikani.

Safari hiyo ilikuwa na damu. Mwaka 1875, katika kisiwa cha Bumbire kwenye Ziwa Victoria, Stanley alirudi kulipiza kisasi na kuwapiga risasi watu wengi waliokuwa ufukoni. Ulaya ilijuaje? Yeye mwenyewe aliandika gazetini, kwa majivuno. Wasomaji wengine walikasirika, kukawa na kelele Uingereza. Hapo gazeti lilimgeuka bwana wake, kwa muda.

Lakini kilichobaki vichwani mwa watu ni jina la kitabu chake cha 1878, ambacho kiliita Afrika bara la giza. Giza hilo ni la nani? Nyangwe kulikuwa na soko kubwa lenye siku zake na bei zake. Uvira kulikuwa na chuma, samaki, chumvi na watu waliojua mito yao. Giza lilikuwa katika ramani ya msomaji wa London, ambayo ilikuwa nyeupe mahali ambapo hakuna mzungu aliyepita. Msomaji akachukua kutojua kwake akakubandika juu ya nchi za watu.

Tippu Tip naye alikuja kusimulia maisha yake, kwa Kiswahili, na yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Humo Stanley anaonekana mtu mwingine: mgeni mwenye shida, anayeomba msaada, anayeahidi mengi na kutoa machache. Tippu Tip hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na Maniema ilimjua kwa moto na bunduki. Lakini kitabu chake kinatukumbusha kwamba kila siku moja ya safari ile ilionwa na macho mengi. Macho ya Stanley ndiyo yaliyokuwa na mtambo wa kuchapisha.

Karatasi za Bula Matari

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa msomaji mwenye bidii wa magazeti hayo. Alimwajiri Stanley. Kuanzia 1879 mpaka 1884 Stanley alijenga vituo na barabara kutoka chini ya mto mpaka mahali alipopaita Léopoldville, leo Kinshasa. Wakati wa kupasua miamba ya barabara ndipo alipopata jina la Bula Matari. Baadaye wananchi waliliita serikali yenyewe kwa jina hilo, na wazee wetu walilitamka kwa hofu.

Yeye na maajenti wengine wa mfalme walikusanya mamia ya mikataba. Watawala wa Kongo waliweka alama ya msalaba chini ya maneno ya lugha wasiyoisoma, wakielezwa kwa njia ya mkalimani kwamba ni urafiki na biashara. Karatasi ilisema mengine. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani Stanley mwenyewe alijua nia ya mfalme. Matokeo hayabishaniwi. Mwezi wa 11 1884 mkutano wa Berlin ulifunguliwa, Stanley akakaa katika ujumbe wa Marekani kama mtaalamu, mbele ya ramani. Hakuna Mkongomani aliyekuwamo. Mwezi wa pili 1885 mkutano ulipofungwa, Leopold alikuwa na nchi.

Uvira na uwanda wa Ruzizi vikaingia katika hesabu hiyo. Mto ambao wageni walikuja kuuliza unaelekea wapi ukawa mstari wa mpaka kati ya Wabelgiji na Wajerumani, uliothibitishwa kwa mapatano ya mwaka 1910. Watu walioulizwa juu ya maji hawakuulizwa juu ya mpaka.

Kamera ya Baringa

Stanley alirudi Kongo mara ya mwisho mwaka 1887, kwenda kumtoa Emin Pasha upande wa kaskazini. Ilikuwa safari mbaya. Kundi aliloliacha nyuma Yambuya liliharibika kwa njaa, magonjwa na ukatili wa maofisa wake. Hata hivyo kitabu cha 1890 kilinunuliwa kwa wingi, na neno giza lilikuwamo tena katika jina lake. Mwaka huo alimwoa Dorothy Tennant katika kanisa kuu la Westminster. Akawa mbunge kuanzia 1895 mpaka 1900, na mwaka 1899 akapewa cheo cha heshima na malkia.

Katika miaka hiyo hiyo Kongo ya Leopold ilikuwa inatoa mpira kwa mjeledi na kwa mikono iliyokatwa. Stanley aliendelea kumtetea mfalme. Alikufa London tarehe 10 mwezi wa tano 1904. Alitaka kuzikwa Westminster karibu na Livingstone, akakataliwa. Alizikwa kijijini Pirbright, chini ya jiwe kubwa lililochongwa jina la Bula Matari.

Mwezi ule ule aliokufa, huko Baringa, katika misitu ya Équateur, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja aliyeitwa Nsala. Ameketi kwenye baraza, anatazama mkono mdogo na mguu mdogo vilivyowekwa mbele yake. Vilikuwa vya binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za Harris zilionyeshwa kwa taa ukutani, katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Mfalme aliyenunua waandishi wa magazeti hakuweza kuinunua ile picha. Mwaka 1908 alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Kamera haikuwa chombo kipya. Stanley pia alibeba kamera katika safari ya 1874. Tofauti ilikuwa mahali ilipoelekezwa, na nani aliruhusiwa kuwa mtu kamili ndani ya picha. Na hata Nsala, ambaye uso wake ulitikisa himaya, alionwa zaidi kuliko alivyosikilizwa. Picha yake ilisafiri mbali, lakini katika kumbi zile maelezo yalitolewa na wageni.

Kinachobaki kwetu

Jina la Stanley limeondolewa mahali pengi. Stanleyville ikawa Kisangani mwaka 1966, na sanamu yake iliyokuwa juu ya kilima Kinshasa iliangushwa wakati wa Mobutu. Madaftari yake yako Tervuren, Ubelgiji, pamoja na zile kurasa zilizong'olewa zinazokosekana.

Namna yake ya kazi haikuangushwa. Leo mapigano yakitokea kwenye uwanda wa Ruzizi, habari ya kwanza inayofika Kinshasa au Brussels ni ya yule aliyewahi mtandao, kama vile Suez. Sauti inarekodiwa kwenye telefone, inatumwa WhatsApp kutoka kundi moja mpaka jingine, inatafsiriwa kutoka Kifuliru kwenda Kiswahili na kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, na njiani kuingia kunaweza kugeuka kuwa kutoka, aliyekimbia akawa aliyeshambulia. Picha ya maiti wa mwaka mwingine na nchi nyingine inabandikwa jina la kijiji chetu. Majirani wanaanza kutazamana vibaya kwa sababu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Tofauti iko moja na ni kubwa. Wana wa Maruta hawakuwa na mtambo wa kuchapisha. Mtu wa Lubarika leo ana telefone. Anaweza kusema alichokiona kabla mgeni hajafika kumwekea maneno kinywani, na anaweza pia kumdanganya jirani yake kwa haraka kuliko Stanley alivyoweza kumdanganya msomaji wa New York. Kwa hiyo maswali ya kuuliza kabla ya kutuma habari mbele ni yale ambayo London ilipaswa kujiuliza mwaka 1858. Nani alikuwa pale? Alisema kwa lugha gani, na nani alitafsiri? Nani analipwa habari hii ikiaminiwa? Na wale wanaoishi kando ya mto, wameulizwa?

Wale wa Uvira waliulizwa, na walijibu sawa. Ilibidi miaka 13 ipite, na gazeti moja litumie pesa nyingi, ndipo dunia ikubali kwamba Ruzizi unaingia Tanganyika.